Hatufuati Wembe

Kuna Jumamosi moja, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, nayo ni Jumamosi aliyoolewa mama yako. Keti nikusimulie. Simu hiyo iweke mfukoni, na usinitazame kama mtu aliyeonewa. Mimi mjomba wako nimekuita kwa sababu nimekasirika, na ukiniona naongea polepole usidhani hasira imepungua. Mtu wa umri wangu akipiga kelele anaishia kukohoa tu, na leo nataka unisikie mpaka mwisho.

Nimepata habari ya mliyokubaliana pale mnapooshea magari. Rafiki yako Landry ameacha gari la Ngoma, amechukua la Wembe, basi nyinyi wenye Ngoma mkamtoa kwenye kundi lenu la simu. Hilo ningelicheka, ni utoto. Lakini sasa mama yake amefariki, kesho asubuhi anazikwa, na nyinyi mmekaa chini watu wazima mkasema magari yenu hayatamsindikiza marehemu, kwa sababu gari la mbele litakuwa Wembe wa Landry. Na wewe ulikuwepo, ukaitikia! Mama yule umekula kwake tangu ukiwa na kaptula ya shule. Petroli yenyewe mnaipangia foleni tangu alfajiri, mkiipata mnaizungusha mjini kutafuta wa kuwatazama, lakini ya kumzika mama wa mwenzenu haipo.

Hayo majina ya Ngoma na Wembe mnayojivunia hamkuyabuni nyinyi. Tuliyatoa sisi, vijana wa mtaa wa Jabe, kabla hujazaliwa. Gari zote mbili zimetoka Japani, zote zina milango minne, turbo na bawa kubwa nyuma. Moja injini yake inadunda, unaisikia kabla haijatokeza, tukaiita Ngoma. Nyingine ina uso mwembamba na inakata kona bila kuyumba, tukaiita Wembe. Bibi yako alikuwa akiziona pamoja anasema ni gari moja, limepakwa rangi mbili. Tulimcheka sana bibi yako, na kumbe katika sisi wote yeye ndiye aliyekuwa na akili.

Mimi nilikuwa wa Ngoma, tena si wa pembeni. Kila Jumapili tulikusanyika, karibu magari kumi, tukafungua boneti na kubishana mpaka jua linazama. Mkubwa wetu alikuwa Fabrice, mtoto wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mrefu, sauti kubwa, mtu wa kuamua nani akae wapi. Na alikuwepo Shabani. Huyo tulikulia naye ua mmoja. Siku ya Idi sahani ya kwanza ya pilau ya mama yake ilivuka kuja kwetu, na Noeli ya kwetu ikavuka kwenda kwao. Mama yangu alipolazwa hospitali, nililala kwao na kula kwao mpaka aliporudi. Sikuwa na ndugu wa kiume, mwanangu, na sikuwahi kuona pengo hilo kwa sababu Shabani alikuwepo.

Sasa sikia nilivyobadilisha. Jamaa mmoja wa Kinanira, aliyeitamani Ngoma yangu kwa muda mrefu, alinipa funguo za Wembe wake akaniambia nijaribu ule mlima wa kwenda kwake. Nikapanda, nikashuka, nikapanda tena. Ngoma yangu kwenye kona zile ilipenda kutoka nje, lazima uibembeleze. Wembe uliingia pale nilipouelekeza, turbo ikashika, na mimi nikacheka peke yangu ndani ya gari kama mwehu. Tukabadilishana wiki ile ile. Mpaka leo sijui kosa langu lilikuwa lipi. Nilibadili gari. Sikubadili dini, sikumkana baba yangu, sikuchukua mke wa mtu.

Jumapili iliyofuata nikaenda kwa wenzangu kama kawaida. Fabrice akazunguka gari langu, mikono nyuma, akasema, "Mon cher, sasa weye uko mugeni hapa." Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Niliona ni utani, kwa sababu ndani ya utani huo huo Fabrice aliniuliza harusi ya Furaha ni saa ngapi. Furaha ndiye mama yako, mdogo wangu wa pekee. Walikuwa wameshaniahidi kortege, msafara wote wa Ngoma, kutoka nyumbani Jabe hadi kanisani. Nikamwambia saa. Akasema, "Tutakuwa kule."

Na unajua kortege ni nini katika mji huu. Watu hawamtazami bibi harusi peke yake, wanatazama na magari yaliyo nyuma yake. Baba yako kwao ni Ngagara, watu wa ofisi, wapole, lakini hakuna kinachowapita machoni. Tulikuwa tumekubaliana wao wangoje kanisani, sisi tumlete binti yetu. Kulikuwa na ndoa nyingine siku hiyo, na padri alikwisha kutuonya kwamba atakayechelewa atawapisha wenzake. Mama yangu hakulala akiwaza jambo moja tu, kwamba mtoto wake afike kwa heshima, kwa wakati, wakwe wasipate la kusema.

Walikuja, mwanangu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Wangekaa kwao ningesema wamesahau, au wamelewa. Walikuja wote, wamefunga riboni nyeupe kwenye vioo, wakajipanga mtaani huku honi zinalia, na majirani wakatoka kutazama. Mimi Wembe wangu nilikuwa nimeupamba kwa maua, umeelekea njia, tayari. Baba akampa Furaha baraka, akamtoa nje. Na kwetu bibi harusi akishavuka mlango wa baba yake harudi tena ndani. Iwe mvua, iwe jua, amekwisha kutoka.

Ndipo Fabrice akashuka. Akalitazama gari langu, akamtazama dada yangu, akaniambia mbele ya watu wote, "Bibi harusi anapanda mu ile?"

Nikasema, "Anapanda wapi tena? Hii njo gari yangu."

"Apana. Tulikubali kusindikiza Ngoma. Sisi hatufuatake Wembe. Umupandishe mu gari yangu, niende mbele, ao turudi kwetu."

Nilidhani anatania tena. Nikamwambia, "Fabrice, mudogo wangu anasimama mu jua." Akanijibu kwa utulivu kabisa, "C'est toi qui as choisi. Si ulichagua weye mwenyewe?" Kisha akafungua riboni ya kioo chake, akaitupa chini, akaingia ndani ya gari. Wengine wakafuata mmoja mmoja. Injini zikanguruma, vumbi likaja mpaka kwenye gauni la mama yako.

Wa mwisho alikuwa Shabani. Nilimwangalia yeye tu. Nilikuwa na hakika kwamba huyu habanduki. Alishika riboni yake, akasita, akaifungua taratibu kama mtu anayevua kiatu kinachombana, akaiweka mfukoni. Hakunitazama. Akaondoka kuwafuata wengine.

Nikwambie nilivyojisikia? Nilitaka kuua mtu. Nilikuwa na funguo mkononi na gari ambalo lingemfikia Fabrice kabla hajafika sokoni, na nilijua kila kona ya njia ile. Nilikwisha kufungua mlango. Mama alikuwa amekaa kwenye kizingiti, amejifunika uso kwa kitambaa. Furaha amesimama, maua mkononi, poda inaanza kuyeyuka, na akasema neno moja tu, "Yaya." Ndivyo alivyoniita siku zote mimi kaka yake, na siku ile alilitamka neno hilo kwa namna ambayo mpaka leo sipendi kuikumbuka.

Shangazi yetu Vumilia ndiye aliyenishika shati. Mwanamke mfupi, muuza dagaa, mkono wake mgumu kuliko wa fundi wa chuma. Akanigeuza kwa nguvu.

"We mutoto! Unaenda wapi?"

"Shangazi, niache. Nitamupiga ule mutu."

"Utamupiga, halafu? Hasira yako njo itamufikisha mudogo wako ku kanisa? Padri anangoja hasira yako? Ingia mu gari, uendeshe polepole. Sisi tuna miguu."

Nikabisha. Nikamwambia ni aibu, bibi harusi wa gari moja na watu wa miguu, wakwe watasema nini. Akanisogelea mpaka nikasikia pumzi yake. "Aibu ni ya wale waliokimbia. Weye unataka kuibeba ya nini? Waliondoka kwa sababu ya gari. Na weye unataka kumuacha mudogo wako kwa sababu ya gari. Muko na tofauti gani?"

Hapo nikauacha mlango wangu, mwanangu. Lakini sikupoa. Nikamfungulia Furaha mlango, nikamkunjia gauni lisibanwe, nikakaa kwenye usukani. Shangazi akaita wanawake wa mtaa. Wakatoka walivyokuwa, wengine na imvutano, mavazi yao ya sherehe, wengine na vitenge vya jikoni, wakashika njia mbele ya gari wakaanza kuimba. Na mimi nyuma yao, ndani ya gari lililotengenezwa kwa mbio, naenda mwendo wa mwanamke anayecheza. Mshale wa kipimo cha joto ukapanda. Ikabidi nizime kiyoyozi na kuwasha hita, ili ivute joto la injini ipoe, na dada yangu akatokwa jasho na machozi pamoja nyuma yangu. Alilia kwa sauti ndogo njia nzima. Nilimwona kwenye kioo, nikazidi kuendesha polepole.

Tulifika mlango unakaribia kufungwa. Padri akatupokea. Wakwe wa Ngagara wakatazama nyuma yetu kutafuta magari, hawakuyaona, na kwa adabu yao hawakuuliza. Lakini adabu ile ilimchoma mama yangu kuliko swali. Alikaa harusi nzima akitabasamu, na aliporudi nyumbani akajifungia chumbani. Mama yako hakukusimulia haya kwa sababu ana moyo mpana kuliko wangu. Sasa umejua kwa nini anatoka sebuleni kila unapoanza habari za kikundi chako.

Nitakuambia na la mwisho. Haukupita muda mrefu, mama yake Shabani akafariki. Habari ilinikuta nanawa mikono nile. Nikasema siendi. Nilisema kwa sauti, mezani, kila mtu asikie, kwamba mtu aliyenivunjia dada yangu heshima mlangoni kwa baba yangu, mimi na yeye tumemalizana. Kisha sahani ikaletwa, na nilipotazama kile chakula nikaikumbuka mikono ya yule mama, akinichambulia samaki miiba kwa sababu mama yangu alikuwa hospitali. Nikaisukuma sahani, nikainuka.

Nikavaa kanzu niliyoazima, nikatoa gari. Kulikuwa na wazee wao wasioweza kutembea mpaka makaburini, nikawapakia. Hakuna mzee aliyeniuliza gari hilo linaitwaje. Shabani alinikuta nawashusha. Tukatazamana, naye akamshika mkono mzee wa mwisho akamwongoza. Nikachukua koleo zamu yangu ilipofika, nikatupa udongo, nikarudi nyumbani. Nilikwenda na hasira yangu na nikarudi nayo. Sikuwa nimesamehe, na usije ukamsikia mtu akisema nilisamehe. Mpaka leo mimi na Shabani tunasalimiana njiani tu, habari, nzuri, basi. Nilikwenda kwa sababu aliyekufa alinilisha.

Kwa hiyo sikiliza. Gari badili unavyotaka, na mwenzako naye abadili anavyotaka. Kikundi ingieni, chekeni, osheni vyuma vyenu mpaka muone meno yenu humo. Lakini siku ya harusi na siku ya msiba, mtu anamtazama aliyevaa gauni na aliyelala kwenye jeneza. Gari lililo mbele halikuhusu. Na ukisikia wenzako wote wanakubaliana jambo la aibu, usisubiri wa kwanza akatae. Shabani alisubiri, nilimwona akisubiri, na kusubiri huko ndiko kulikomponza, kukanipotezea ndugu.

Mimi nilikwenda kumzika mama wa mtu aliyenitenda vile. Wewe je, Landry amekukosea nini?

Usitafute jibu. Halipo.

Kesho saa mbili asubuhi uwe hospitali kabla mwili haujatoka. Ngoma yako ikae nyuma ya Wembe wake, taa umewasha, usimpite na usibaki nyuma. Wenzako wakikutoa kwenye kundi, toka. Mama yako nitamwambia mwenyewe, naye atakaa kiti cha mbele pamoja nawe.

Mungu akulinde barabarani, mwanangu. Akupe umri mrefu, akupe mke na watoto. Na siku itakapokuwa zamu yako kutangulia mbele na jeneza la mtu wako, maana itafika, akupe watu wa kukufuata wasiouliza umepanda nini.