Mgeni Aliyekataa Kuandikwa Kanada

Juzi, kwenye televisheni ya duka la vitenge Kariakoo, niliona watu wakipeperusha bendera ya buluu yenye msalaba mweupe, nikasikia tena harufu ya samaki wa bibi.

Nilipokuwa mtoto, bibi alikuwa amempangisha chumba mwalimu mmoja Mzungu, ambaye alitundika bendera kama hiyo juu ya kitanda chake. Mchana mmoja mjumbe wa nyumba kumi alikuja na daftari lake kumwandikisha.

"Nchi?"

"Kebeki."

Mjumbe akafunua pasi ya kusafiria ya mwalimu. "Mbona hapa ni Kanada?"

"Kanada ni pasi. Taifa langu ni Kebeki. Sisi tuna Kifaransa chetu."

Leo najua Kebeki ni jimbo la Kanada, na wengi wa huko hujiita taifa. Siku ile, nikichungulia nyuma ya pazia, niliamini pasi ile ameiiba. Nikamnong'oneza mjumbe, "Ana bendera ya uongo chumbani." Mjumbe akaingia, akatoka nayo kwapani.

Uani, samaki waliendelea kuchachatika kwenye mafuta. Bibi akaweka mwiko chini.

"Mjumbe, mimi humo umeniandika nani?"

"Mtanzania."

"Na ukiniuliza kwetu, nakwambia wapi?"

Mjumbe akajikuna shingo. "Unguja."

"Basi mpe mwenzio bendera yake."

Mwalimu akarudishiwa. Kesho yake nilipompa shikamoo, aliitikia marahaba kwa upole kama kawaida, kisha akageuka, akafunga mlango wake kwa kufuli jipya.