Msiba Uliofika Jumamosi

Kutoka Same tulipanda basi hadi Dar es Salaam, kesho yake ndege ikatupeleka Ulaya, tukasinzia uwanjani tukingoja nyingine ya kuvuka bahari. Ofisi ya mke wangu ilimpeleka Washington kwa mafunzo ya miezi kadhaa. Mimi nilikuwa nimefuatana naye tu. Mama nilimwacha Same, miguu imevimba, akienda jikoni pumzi inakatika. Aliniambia niende, nikirudi nimsimulie. Nilichoomba ni kimoja: nimkute.

Tulipanga Adelphi, kitongoji nje ya Washington, kwenye maghorofa yaliyojaa wageni kama sisi. Mke wangu akienda darasani, nami nashika njia. Nilifuata mto mpaka vidole vikafa ganzi kwa baridi. Nilishuka treni Landover nikazunguka maghala yasiyo na mtu nje. Kila kilima kilinikumbusha kwetu Upare, na hakuna kilichofanana nao.

Jirani yetu Mkenya, mama aliyefanya kazi ya kutunza wazee, alinitania ngazini. "Shemeji, leo umewalk mpaka wapi? Hiyo miguu itadai mshahara."

Kila Jumapili nilimpigia kaka yangu kwa kadi ya simu. "Mama anaendelea," alisema. "Leo kanywa uji."

Alhamisi moja mke wangu alinifungia chakula, nikapanda treni hadi Manassas, kuona mji tu. Ijumaa nikatembea tena. Jumamosi alasiri nilirudi nikakuta viatu vimejaa mlangoni petu. Ndani, makochi yamesukumwa ukutani, wanaume wameketi, wanawake wamejifunga khanga, sufuria kubwa ya wali iko jikoni.

"Nani kafiwa?" niliuliza.

Mzee mmoja wa Kitanzania, mkubwa wetu pale Adelphi, alinishika mkono. "Kaa kwanza, mdogo wangu." Nikakaa. "Mama ametutoka."

"Lini?"

Akamtazama mke wangu.

"Jumatano," mke wangu alisema. "Kaka yako alinipigia kule kwenye mafunzo. Akasema nisikwambie peke yangu, nisubiri watu."

"Na mazishi?"

"Wamezika leo."

"Ningeondoka Jumatano ningewahi."

"Usingewahi," mzee alisema. "Njia ni ndefu. Ungefika umechoka bure."

"Kwetu mwili ungengoja mochari mpaka afike," alisema jirani Mkenya kutoka jikoni. Mtu akamwambia, "Shii, mama."

Watu walipoondoka nilimuuliza mke wangu ilikuwaje Alhamisi akanifungia chakula nikatalii.

"Ningekwambia, halafu?" alisema. "Ukianguka, nikushike na nani? Tuko wawili tu hapa."

Sikumsamehe.

Wiki iliyofuata nilirudi peke yangu. Mafunzo yake yalikuwa hayajaisha. Uwanjani aliniwekea kola sawa. "Kaburini uende na kaka yako," alisema.

"Nitaenda mwenyewe."

Alitikisa kichwa, akaangalia saa, akawahi darasani. Sikukanyaga tena mji ule.