Isale kwa Baba Mdogo

Kaka yangu alipanda mashina machache ya bangi nyuma ya migomba, kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo, huku Kibosho. Ya kuvuta mwenyewe jioni, akishatoka shambani. Majirani walijua, wakamtania kwamba ndizi zake zikiiva zinacheka zenyewe. Kisha akagombana na baba mdogo kuhusu zamu ya maji ya mfereji, na baba mdogo, kwa hasira za siku ile, akapiga simu polisi.

Walikuja asubuhi na difenda. Wakaing'oa mimea, wakambebesha kaka mwenyewe mpaka barabarani, watoto wanatazama. Mjini Moshi tukaambiwa kesi ni ya kulima, siyo ya kuvuta, na hiyo ni nzito zaidi. Dhamana hakuna.

Mimi sikuogopa sana. Shule niliishia kidato cha pili, ila jambo moja nalijua tangu mdogo: kwetu Wachaga, ukipelekewa jani la isale lililofungwa fundo, husemi hapana. Unasamehe. Mama akachuma jani pale mpakani mwa shamba, tukalipeleka kwa baba mdogo pamoja na kibuyu cha mbege. Alilipokea kwa mikono miwili, akalia, akasema yeye ndiye aliyepaswa kulileta. Kurudi nyumbani nilikuwa nimeshamuona kaka kichwani mwangu, yuko mezani Jumapili, anakula mtori, anatusimulia vituko vya mahabusu.

Kesho yake tulishuka wote kituoni. Baba mdogo akaliweka jani juu ya kaunta, akaeleza kuwa ugomvi umekwisha. Askari alikuwa kijana wa huku huku. Alipoliona tu akavua kofia. Nikatabasamu.

"Mzee wangu," akasema, "mlalamikaji siyo wewe. Ni Jamhuri. Wewe ni shahidi."

"Na hiyo Jamhuri haina wazee?" baba mdogo akauliza. "Tuoneshe wazee wake, tuwapelekee."

Askari akamrudishia jani lake, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha msibani.

Halafu ikaja samansi ya kumwita baba mdogo mahakamani. Asipofika, atakamatwa na yeye. Basi mtu aliyekwisha kusamehe akasimama mahakamani, akashika Biblia, akaeleza alichokiona nyuma ya migomba. Alijaribu kusema kwamba wameshapatana. Hakimu akamwambia ajibu alichoulizwa. Kila alipogeuka kumtazama kaka, wakili wa serikali akarudia swali lile lile.

Alipomaliza, akapita karibu na kaka. Kaka alikuwa amekonda, shati linamning'inia.

"Shikamoo, baba mdogo."

Baba mdogo akafungua mdomo aitikie. Karani akamkataza: shahidi haongei na mshtakiwa. Akatoka nje na marahaba yake.

Hukumu ilipokuja ilikuwa miaka mingi kuliko umri wangu. Mama akauliza kama ile miezi ya mahabusu itatolewa humo. Watu walikuwa wameshaanza kuitwa kwa kesi inayofuata.