Gia Zilikuwa Zangu

Mwanangu aliandika tangazo la kuuza gari, akanisomea kwenye simu: gari la spoti, milango miwili, gia za mkono, dereva mmoja tu tangu linunuliwe. Nikamwambia afute hapo mwisho.

"Nifute kwa nini, mum? Si ni ukweli?"

"Madereva walikuwa wawili," nikasema. "Baba yako na mimi."

Akacheka. Anajua leseni yangu nimeipata juzi tu, tena ni ya otomatiki peke yake. Mimi sikucheka.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai. Mimi nina duka la misumari, mabati na rangi hapa Roret, duka nililoachiwa na baba yangu aliyehamia huku kutoka Nyeri akiwa kijana. Mume wangu alipostaafu, hakuongeza ng'ombe wala majani chai kama wenzake. Alinunua gari jekundu, fupi, lililokaa chini kiasi kwamba ukitaka kutoka lazima ushike mlango na umwite Mungu. Halikubeba hata gunia moja la viazi. Majirani walicheka hadi wakachoka, na mimi nikanuna wiki mbili.

Mwaka uliofuata alianguka kutoka paani akizibua mfereji wa maji ya mvua. Mkono wake wa kushoto ulivunjika vibaya, na ulipopona vidole vilikataa kushika kitu. Mguu ulikuwa mzima, usukani angeushika kwa mkono wa kulia, lakini gia ni kazi ya mkono wa kushoto. Daktari akamshauri auze lile gari atafute la otomatiki. Mume wangu alitoka pale kama mtu aliyetukaniwa mama.

"Auto ni ya kubebwa," akaniambia. "Mimi si mzigo."

Jumapili iliyofuata alinifungulia mlango wa abiria. "Mimi nitakanyaga klachi, wewe utaweka gia. Nikisema moja, weka moja."

Nilidhani ananitania, lakini alikuwa hatanii hata kidogo. Siku hiyo tulifika kanisani tumechelewa, gia zikisaga kwa kelele hadi wachuma chai wakainua vichwa mashambani. Nilitaka kushuka nitembee. Yeye alikuwa anatabasamu tu.

Miezi ikapita, akaacha kutaja namba. Nilikuwa nimejifunza kuisikiliza injini. Ikianza kulalamika mlimani ninaipa ya pili, ikitulia ninaipa ya tatu, na kwenye lami ya Litein tunamaliza zote. Nilikuwa nikiliangalia goti lake. Likishuka kukanyaga klachi, mkono wangu wa kulia ulikuwa tayari umefika kwenye gia. Tulikuwa tunaweza kwenda na kurudi bila kusemezana neno, na ndizo safari ninazozikumbuka zaidi.

Tukigombana, nilikuwa na silaha. Siku moja tukitoka Kiptere alimsifu dada yake kwa mapishi, mbele yangu, mimi niliyempikia miaka yote hiyo. Nikakunja mikono. Tulikuja na gia ya pili njia nzima, injini ikipiga mayowe, magari yakitupita, yeye akiangalia mbele kama askari. Tulipofika getini akazima gari na kusema, "Basi, chapati zake ni ngumu." Alikuwa anadanganya, lakini nilimsamehe.

Alifariki mwaka jana wakati wa mvua ndefu. Moyo tu, asubuhi, kabla ya chai. Watu wanapenda kunisikia nikisema ninamshukuru Mungu kwa yote, na ninamshukuru. Lakini nina upweke. Ninauita hivyo kwa sababu sijui jina lingine la kitu kinachonifanya niache redio ikiongea jikoni mchana kutwa.

Mwanangu, ambaye anaishi Nairobi, aliniletea gari dogo la otomatiki ili nisiwe wa kufungiwa nyumbani. "Ni kukanyaga tu, mum. Inajibadilisha yenyewe." Na kweli inajibadilisha. Nilifundishwa nikafaulu, na sasa ninaliendesha hadi sokoni. Ni gari zuri, halina makosa. Linapanda mlima wa kanisani likiwa limeshaamua gia kabla sijaisikia injini, na mkono wangu unakaa bure. Sijawahi kukaa mahali ambapo sihitajiki kama ndani ya gari hilo.

Kwa hiyo nikaweka agano na nafsi yangu. Nikiweza kuliendesha lile jekundu mwenyewe hadi kanisani na kurudi, sitaliuza. Nikamwita yule yule mwalimu wa udereva. Nilikuwa na kiburi, nikidhani nitamshangaza, kwa sababu gia za gari lile ninazijua hata nikifungwa macho.

Kumbe mkono uliozijua ulikuwa wa kulia. Nikiwa kwenye kiti cha mume wangu, kila injini ilipoomba gia, mkono wa kulia uliachilia usukani kwenda kuitafuta, na wa kushoto ukabaki pajani kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Miguu nayo haikuwa na habari. Siku ya kwanza niliingiza gari kwenye majani chai ya jirani. Wiki ya tatu nilikuwa bado sijavuka daraja lililo chini ya mlima wa kanisani.

"Mama," mwalimu akaniambia kwa upole, "hizi gia unazijua kuliko mimi. Lakini umejua nusu ya hii kazi."

Nilimlipa, nikamshukuru, nikaingia ndani nikalia. Kisha nikampigia mwanangu simu kwamba aliweke tangazo lake.

Wengi waliopiga simu waliuliza, "Ni auto?" Nikisema hapana, wanakata. Mmoja akanieleza kwamba siku hizi hata magari ya spoti ya wazungu wenyewe ni otomatiki, yanabadilisha gia haraka kuliko mkono wa binadamu. Nikamwambia hongera kwao.

Aliyekuja ni mwanamume wa makamo kutoka Ndanai, mfugaji, mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyekamua ng'ombe maisha yake yote. Alilizunguka gari mara mbili.

"Nilitafuta manual mpaka nikachoka," akasema. "Auto inaniletea usingizi. Twende wote, mama, unionyeshe tabia zake."

Nikaingia upande wangu. Sikuwa nimekaa pale tangu mazishi. Harufu ilikuwa ile ile, ya ngozi kuukuu na grisi ambayo hata baada ya kustaafu haikumtoka mume wangu kwenye kucha. Mfugaji aliendesha vizuri, polepole, na nilipoona anavuka daraja bila shida, nilimwonea wivu.

Tukaanza mlima wa kanisani. Katikati hivi, injini ikaanza kulalamika. Kwa pembe ya jicho nikaona goti likishuka. Mkono wangu ukaenda.

Ukakuta mkono mwingine pale.

Alishtuka, akaniangalia. "Pole, mama. Nimekosea gia?"

"Hapana," nikasema. "Hiyo ndiyo yenyewe."

Gari likapanda. Niliuvuta mkono wangu, nikaukalia hadi tuliporudi nyumbani, kisha nikampa funguo kwa mkono huo huo.