Nauli ya Meli Imeshuka Kidogo

Juma lililopita nilikuwa kwa wakala wa safari mjini Kakamega. Mbele yangu alisimama mwalimu mstaafu aliyekuwa ameweka nafasi kwenye meli ya watalii, lakini hajamaliza kulipa.

“Nauli imeshuka?” aliuliza.

“Imeshuka kidogo, mama. Kwa kuwa hujamaliza kulipa, nitakupunguzia.”

“Inatosha nimchukue dada yangu wa Shianda? Tangu utotoni tunasemanga tutaona bahari pamoja.”

“Hapana. Inatosha kukupa chumba chenye dirisha.”

Mama alipapasa picha ya meli pale mezani.

“Basi nipe hicho cha dirisha. Nitampigia simu ya video aone maji.”

Msomaji, nauli huweza kushuka kabla ya malipo ya mwisho, kwa hivyo uliza. Ila kushuka kiasi cha dada mzima, hilo bado sijaliona.