Mstari wa Joto Ukutani

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine huzaliwa na miguu ya safari. Mimi nilizaliwa na makalio ya kiti. Cherehani yangu iko barazani, hapa mtaa wa Atlabara, Juba, na kutoka kitandani hadi kazini ni mwendo wa mwayo mmoja. Ndiyo maana yule muuguzi alipopita mtaani akitafuta wenye ndoa kwa ajili ya utafiti wa masomo yake, alinikuta mimi. Wanaume wengine walikuwa wametoka, au walikuwa chini ya vitanda.

"Bwana fundi, mke yuko?"

"Yuko soko la Konyo Konyo, anauza simsim. Saa hii ananiuza na mimi kwa wenzake, kwa bei ya kutupa."

Hakucheka. Akaniambia anataka kujua kama watu wa Juba, mke na mume pamoja, wanaweza kuusoma mwili wenyewe: joto la mwanamke kila asubuhi kabla hajainuka, na ute wa ukeni unaobadilika kila mwezi. Hakuna dawa wala sindano. Wapo wanaotumia elimu hiyo ili wasipate mimba, na wapo wanaoitumia ili wapate.

"Nyinyi mnataka lipi?"

Nilikuwa nimeshika sare ya kwaya. Nikaitazama pindo, nikaigeuza, nikaitazama upande wa pili.

"Kupata," nikasema.

Tulikuwa tumekaa katika ndoa miaka ya kutosha kwa watu kuacha kutuuliza kwa upole. Baba yangu mdogo aliuliza kwa mdomo wake wote. "Wale mbuzi tuliopeleka ukweni wameshakuwa mabibi," aliniambia siku moja akinywa chai yangu. "Sisi huku tunangoja nini? Tafuta mwingine." Mke wangu alikuwa nyuma ya pazia, anasonga ugali. Nilisikia mwiko ukisimama, kisha ukaendelea.

Sokoni, kila mwanamke aliitwa kwa jina la mtoto wake. Yeye walimwita mama wa simsim, kwa ule ufuta aliouza.

Alikulia Uganda, mimi nilikulia Kenya, na lugha za nyumbani kwetu hazisalimiani, basi tukaoana kwa Kiswahili: changu cha shule, chake cha mpakani. Cha kwake ndicho kilichokuwa na makali. "Wewe iko kama kuku ya kuatamia," alipenda kuniambia. "Ila kuku, mwisho yake, inatoa kifaranga."

Mafunzo yalikuwa katika ukumbi wa kliniki ya kanisa. Wanawake walijaa, mwanamume mmoja. Kikongwe mmoja aliyemleta mkwewe akanipokea mlangoni kwa mwito wa Kiarabu cha Juba: "Ya fundi! Umekuja kupima ama kupimwa?"

Muuguzi akavunja yai kwenye kisahani. Akachovya vidole viwili katika ule ute mweupe, akavitenganisha polepole. Ukavutika, ukang'aa, haukukatika. "Siku ambazo ute wako uko hivi, ndizo siku za kushika mimba." Mimi nilikuwa nahesabu mabati ya paa. Kikongwe akanigonga goti. "Angalia, fundi! Uzi wenyewe ndio huo!" Ukumbi ukaanguka kwa kicheko, na mke wangu, aliyekuwa amekaa mbali nami kana kwamba hanijui, akacheka kuliko wote.

Muuguzi akangoja tumalize. Akasema joto likipanda kidogo baada ya siku hizo na kukaa juu, yai limeshatoka. Likizidi kukaa juu hadi damu ya mwezi isionekane, huenda kuna mimba. "Lakini homa huvuruga kila kitu," akaongeza. "Joto likiruka juu, kwanza nendeni mkapime malaria."

Tukaguna sote. "Malaria tunaijua, sista," akasema mtu. "Endelea na yai." Tukacheka, na mimi nikiwemo.

Asubuhi ndizo zilizokuwa zetu. Alitakiwa asiinuke, asinywe maji, asiseme, hadi kipimajoto kilie chini ya ulimi wake. Sasa fikiria: mwanamke ambaye humwamsha jogoo kwa matusi, amefungwa mdomo, na mimi niko kando, huru. Nililipiza kisasi cha miaka. "Leo mama wa simsim amenyamaza. Soko litafungwa. Serikali itatoa tangazo." Alinikodolea macho, mabega yakitikisika, kile kijiti kikimchezacheza mdomoni. Kikilia tu, anakitema: "Kuku hii!" Na siku inaanza.

Karatasi tuliyopewa ilikuwa na miraba midogo kama mayai ya chawa, na macho yangu yameliwa na sindano. Kwa hiyo nilichora mstari ukutani, kando ya kitanda, kwa chaki ya kukatia nguo. Muuguzi akija, alinakili kutoka hapo. Mstari ulishuka na kupanda, miezi ikapita, na kila mwezi mke wangu aliutazama ukiporomoka, akafunga kitenge chake, akaenda sokoni.

Kisha ukapanda, haukurudi.

Tukawa tunanyata humo ndani kama watu walioona ndege asiyetakiwa kushtuliwa. Siku za damu zikaja, zikapita, kavu. Muuguzi akapima mkojo wa mke wangu kliniki, na yeye ambaye huwa hacheki akacheka, akaniambia, "Haya fundi, kata vitambaa vidogo." Mke wangu alirudi nyumbani kwa miguu njia nzima. Boda boda zina mashimo, alisema. Kumbe ni barabara zenye mashimo, lakini siku hiyo hakuna aliyemsahihisha mwenzake.

Kazi ya kipimajoto ilikuwa imekwisha. Muuguzi alituambia tunaweza kuacha. Hatukuacha, kwa sababu tuliipenda ile asubuhi, na mimi niliupenda ule mstari. Nilitaka kuuona umelala kule juu kama kamba ya kuanikia nguo za mtoto.

Mvua zilipoanza, asubuhi moja mstari ukaruka. Nikalazimika kupanda kitandani ili chaki ifike.

"Nini?" akauliza.

"Anakua," nikasema. "Anajipikia."

Alicheka. Siku hiyo alisikia baridi sokoni juani, akajifunga kitenge cha pili. Mwenzake wa meza ya jirani akamwambia, "Wewe una malaria, nenda pima, hapo tu kwa duka la dawa." Juba nzima, mtu akipata joto tu, hata mtoto wa darasa la kwanza atakwambia hivyo. Hatuhitaji muuguzi. Ni sisi wawili tu katika mji huu tuliokuwa na elimu ya kukosea. Mke wangu alimjibu mwenzake, na mwenzake ndiye aliyenieleza baadaye, akilia:

"Hapana. Hii ni joto ya mtoto. Bwana yangu ameisoma kwa ukuta."

Viungo vikamuuma, kichwa kikamgonga, akatapika. Kila jambo lilikuwa na jibu, kwa sababu mimba nayo hufanya hayo yote. Nilimpikia uji, nikajisifu kwamba ninajua kupika uji. Alipoanza kutoka damu ilikuwa mchana, mvua inanyesha, na nilikimbia hadi barabarani bila viatu kutafuta gari, mimi ambaye majirani walidhani siwezi kukimbia.

Hospitalini walimtoboa kidole, na jibu likatoka haraka kuliko chai. Malaria, na ilikuwa imekaa. Yeye wakamwokoa. Mtoto hawakuweza.

Watu walikuja, wakakaa uani, wakasema malesh, yaani poleni, wakaondoka. Baba yangu mdogo alikuja pia. Alimtazama mke wangu, hakutaja mbuzi, akaacha chai yake haijaisha.

Mwili wa mke wangu ukapona. Mdomo haukupona. Aliamka asubuhi bila kijiti chini ya ulimi, huru kusema lolote, na hakusema. Nilijaribu mizaha yangu yote, hata ya zamani iliyochakaa viwiko. Nilijikwaa makusudi. Niliunguza uji, huo si kwa makusudi. Alinipita kama mtu anayepita kibanda kilichofungwa. Nilianza kuogopa kwamba nimempoteza na yeye pia, ila hajapata gari la kuondokea tu.

Muuguzi alikuja baada ya wiki kadhaa. Alisimama mbele ya ukuta muda mrefu, mkoba begani. Mwisho akasema, kwa sauti ndogo, kwamba si lazima mstari wetu uingie katika utafiti wake. Angeweza kuuacha. Watu wakipata msiba, huwaacha.

Nilikuwa nafungua mdomo kumwambia auache, na kwamba kesho nitaupaka chokaa.

"Andika," mke wangu akasema.

Tukageuka sote. Alikuwa mlangoni na ungo wa simsim.

"Andika yote. Mpaka huko juu." Akaelekeza kwa kidevu pale nilipopandia kitanda. "Waambie joto iko mbili, ya mtoto na ya malaria, na kwa kipima iko sawasawa. Wewe ulisema. Sisi tulicheka. Sasa sema tena, na kama watacheka, sema tena."

Muuguzi akaandika. Machozi yake yalidondokea karatasi, akayafuta kwa kiwiko, akaendelea kunakili.

Kulipokucha kesho yake nilisikia kopo likifunguka, lile la vifungo ambamo kipimajoto hukaa. Nilidhani anakitupa. Akaja akaketi ukingoni mwa kitanda, akakisukuma mdomoni mwangu, chini ya ulimi, bila huruma.

"Leo wewe nyamaza," akasema. "Wewe unafanya mzaha, mimi nashindwa kulia."

Ndipo akaanza. Akaniambia alikuwa anaona ni msichana. Alikuwa ameshampa jina, akalitaja, na sitaliandika hapa. Msichana huyo angekuwa mvivu kama baba yake, angekaa chini ya cherehani akiokota vipande vya nguo, na yeye angerudi kutoka sokoni na kutugombeza wote wawili pamoja. Wenzake wa sokoni wangemwita kwa jina hilo, mama wa huyo. Alilitaja mara nyingi, kama anayelizoesha nyumba. Alilia, akajifuta kwa shuka yangu, akaendelea.

Kipimajoto kililia. Sikukitoa. Yeye pia alikisikia, na hakuninyang'anya.