Fundi wa Kuonyesha Tu

Sesilia, mtafiti wa lugha, alishuka basi Kalangalala akiwa amekumbatia kompyuta yake kama mtoto mgonjwa. Programu ya kamusi iliyokuwa ndani yake ilikuwa imegoma kufunguka, pamoja na maneno yote ya Kizinza aliyokusanya kwa wazee, baadhi yao wameshazikwa. Alielekezwa kwa fundi wa kompyuta aliyewahi kuchimba dhahabu Nyarugusu.

Fundi alivua viatu kabla ya kuigusa kompyuta, kama anayeingia shimoni, akamwamuru naye avue.

“Huku chini hatuingii na viatu, dada. Na mluzi usipige.”

Aliandika amri za Linux kwa kidole kimoja, na kila folda ilipofunguka aliinusa skrini. “Programu yenyewe inakaa kwenye /usr/bin, mipangilio yake iko /etc. Lakini mali yako haipo huko.” Akaamuru faili zilizofichwa zijitokeze. Nyumbani kwake Sesilia mwenyewe, yaani /home, ndani ya folda yenye nukta mbele ya jina, maneno yote yakaonekana, mazima.

“Wabeja sana, fundi, asante! Sasa ninakilie kwenye flashi.”

Fundi akarudisha mikono mapajani. “Mimi ni mtu wa kuonyesha mwamba wenye dhahabu. Aliyeonyesha akichimba mwenyewe, mwamba unahama.”

“Unahama kwenda wapi? Si huu hapa!”

“Wote husema hivyohivyo. Ngoja nikakuitie mchimbaji.”

Akatoka. Sesilia, aliyewahi kuicheka miiko ya nchi nyingi, akabaki mbele ya skrini, kidole kikielea juu ya kitufe cha kunakili, akiogopa kukibonyeza.